Taa ya ABS Haizimiki: Mwongozo Kamili wa Kusoma na Kufuta Kodi kwenye Toyota

Wiki haipiti hapa Dodoma bila gari kuingia gereji na hadithi ileile. Taa ya ABS, ule mfumo wa kuzuia magurudumu yasigande ukifunga breki, iliwaka. Mwenye gari akachomeka kile kiskana kidogo cha Bluetooth, simu ikamwambia gari halina tatizo. Akachomoa betri usiku kucha, asubuhi taa iko palepale. Akanunua sensa ya kusoma kasi ya gurudumu, taa ikabaki. Akanunua nyingine. Mwisho wa yote kuna mtu alimbandikia plasta nyeusi kwenye dashibodi na safari ya Singida ikaendelea.

Tatizo huwa moja: kodi haikusomwa, au ilisomwa vibaya, au ilifutwa kabla ya kuandikwa. (Ninaposema kodi simaanishi ya kulipa TRA. Ni namba ambayo kompyuta ya breki inaihifadhi ikiona jambo halijakaa sawa.) Na hata ikisomwa vizuri, kodi haikutajii spea ya kununua. Inakutajia njia yenye shida, na ndani ya njia hiyo kuna sensa, waya, soketi, ringi (duara lenye meno ambalo sensa inalisoma, si ringi ya tairi) na wakati mwingine beringi.

Njia ya kuhesabu mimweko ninayoieleza hapa ni ya Toyota zilizotoka Japan, hasa za mwishoni mwa miaka ya 1990 hadi karibu 2010: IST, Vitz, Spacio, Raum, Premio, Allion, Noah na ndugu zao. Nissan, Subaru, Honda na magari ya Ulaya usiyajaribie njia ya waya. Hayo yasome kwa skana. Hatua za kukagua gurudumu zinafaa kwa yote.

## Kwanza, ni taa ipi imewaka?

Taa ya ABS ikiwaka peke yake, breki za kawaida zinafanya kazi. Ulichopoteza ni ule msaada wa kuzuia magurudumu yasigande ukikanyaga kwa nguvu. Unaweza kuendesha taratibu hadi gereji.

Ikiwaka pamoja na taa nyekundu ya breki, simama. Angalia kama hendibreki imeshushwa, kisha kiwango cha mafuta ya breki. Vyote vikiwa sawa na taa zote mbili zinaendelea kuwaka, mgawanyo wa nguvu ya breki kati ya mbele na nyuma huenda umezimika pia, na magurudumu ya nyuma yanaweza kuganda kwanza. Gari la hivyo livutwe. Usiliteremshe mlima Sekenke kwa kumwomba Mungu.

## Vifaa vya kuandaa

- Waya mwembamba wa kujampia wenye urefu wa kiganja, uliomenywa ncha mbili. Klipu ya karatasi inafanya kazi, ila izungushie utepe wa umeme katikati.
- Mita ya kupimia umeme, hata ile ya bei ndogo ya kidijitali.
- Simu yenye kamera.
- Karatasi na kalamu.
- Jeki, stendi mbili za chuma, mawe ya kuzuia magurudumu na spana ya nati za tairi.
- Brashi laini, kitambaa, na dawa ya kupuliza ya kusafishia breki.
- Tochi.
- Skana inayosoma ABS, kama unaweza kuazima. Si lazima.

Jeki peke yake haitoshi. Udongo wetu ni wa mchanga na jeki huzama ukiwa umeinamia gurudumu. Weka kipande cha ubao chini yake, kisha stendi.

## Hatua ya 1: Maliza vitu vya bure

Pima betri. Gari likiwa limezimwa, betri nzima husoma kati ya volti 12.4 na 12.7. Injini ikiunguruma, tarajia 13.8 hadi 14.5. Kompyuta ya ABS haipendi umeme mdogo, na betri iliyochoka inaweza kuwasha taa kila asubuhi bila sensa yoyote kuwa na kosa.

Angalia tairi. Zote nne ziwe saizi moja. Ukiwa umefunga spea ndogo baada ya pancha, gurudumu hilo linazunguka haraka kuliko wenzake na kompyuta inaona uongo. Kanyaga breki mtu aangalie taa za nyuma: balbu zilizoungua, au zilizobadilishwa kuwa za LED, nazo huleta kodi. Mwisho fungua boksi la fyuzi kwenye injini, tafuta zilizoandikwa ABS, zikague.

Mafanikio: betri iko sawa, tairi zinafanana, taa za breki zinawaka, fyuzi hazijakatika. Ikiwa taa ya ABS bado inawaka, endelea.

## Hatua ya 2: Soma kodi kwa waya

Hapa ndipo wengi wanapoharibu, kwa hiyo nenda polepole.

1. Zima switchi, toa ufunguo. Chini ya dashibodi upande wa dereva kuna soketi yenye matundu 16, upande mmoja mpana na mwingine mwembamba. Piga magoti uitazame uso kwa uso, upande mpana ukiwa juu.

2. Hesabu. Mstari wa juu ni namba 1 hadi 8 kuanzia kushoto. Mstari wa chini ni 9 hadi 16, kuanzia kushoto pia. Unayataka matundu mawili: namba 4 (la nne juu) na namba 13 (la tano chini).

3. Hakikisha kwa mita kabla ya kuingiza waya. Switchi ikiwa imezimwa, kati ya 4 na 16 utapata umeme wa betri, volti 12 na kitu. Ukiipata hapo, ujue umehesabu kutoka upande sahihi.

4. Ingiza waya kati ya 4 na 13.

> Onyo: Namba 16 ina umeme wa betri muda wote. Ukiiunganisha na 4 utaunguza fyuzi, na fyuzi ikiwa iliwahi "kutengenezwa" kwa waya wa shaba, utaunguza nyaya. Namba 12 nayo iache. Kwenye magari yenye VSC (mfumo wa kuzuia gari lisiteleze) inatumika kuweka upya sifuri za sensa, na ukiichezea utajiongezea taa nyingine.

5. Washa switchi hadi ON. Usipige stata. Taa kadhaa zitaanza kumweka pamoja: ya injini, ya mkoba wa hewa, ya ABS. Usitishike, zote zinasoma kodi zao kwa wakati mmoja.

6. Rekodi video ya dashibodi kwa dakika nzima. Macho yanadanganyika taa tatu zikimweka kwa pamoja. Kwenye video unaweza kurudia na kuitazama ya ABS peke yake.

Kuhesabu ni hivi: kila mmweko una nusu sekunde. Mimweko mitatu, kituo cha sekunde moja na nusu, kisha mmweko mmoja: hiyo ni 31. Zikiwa kodi mbili au zaidi, kati yake kuna kituo cha sekunde mbili na nusu, na ndogo hutangulia. Zikiisha zote, taa hutulia kama sekunde nne halafu huanza upya. Ziandike mara mbili na ulinganishe.

Mafanikio: una namba kwenye karatasi. Taa ikimweka haraka bila kituo, mara mbili kwa sekunde, maana yake hakuna kodi iliyohifadhiwa. Kama taa ilikuwa inawaka moja kwa moja ukiendesha na sasa inasema hakuna kodi, tatizo liko kwenye waya wa taa yenyewe au kwenye kompyuta. Hapo tafuta fundi umeme.

Toyota za zamani kidogo hazina matundu haya ndani. Zina kiboksi cheusi chini ya boneti chenye herufi kwenye kifuniko, na unaunganisha Tc na E1. Baadhi yake zinataka pia kichomolewe kijipini kifupi humo, kwa hiyo soma kifuniko kwanza.

## Hatua ya 3: Au soma kwa skana

Kile kiskana cha Bluetooth cha bei poa kwa kawaida kinasoma injini tu, yaani kodi zinazoanza na P. Za breki zinaanza na C. Kikikwambia hakuna kosa, hakijadanganya. Hakikuingia chumba hicho kabisa.

Kwenye skana inayofaa, chagua Toyota, kisha soko la Japan, kisha mfumo wa ABS. Ukichagua soko la Ulaya au Marekani kwa gari la Japan, mara nyingi inakataa kuunganika na watu wanadhani kompyuta imekufa.

Faida kubwa ya skana ni kuona kasi ya kila gurudumu gari likitembea. Mtu mmoja aendeshe kilomita 20 hadi 40 kwa saa, mwingine asome. Magurudumu matatu yakisema 30 na moja likasema 0, umeshalikamata. Likiruka kutoka 30 hadi 11 na kurudi, fikiria ringi iliyopasuka au soketi iliyolegea.

## Hatua ya 4: Kodi inasema nini

Upande wowote unahesabiwa ukiwa umekaa ndani unatazama mbele. Kulia ni kwa dereva. Nimeona mtu amechuchumaa mbele ya bampa, akabadilisha sensa ya kushoto akiapa ni ya kulia.

- 31 au C0200: njia ya sensa ya mbele kulia
- 32 au C0205: mbele kushoto
- 33 au C0210: nyuma kulia
- 34 au C0215: nyuma kushoto
- C1235, C1236, C1238, C1239: uchafu wa chuma kwenye ncha ya sensa (mbele kulia, mbele kushoto, nyuma kulia, nyuma kushoto)
- 11, 12, 13, 14 au C0278, C0279, C0273, C0274: rilei za ABS na nyaya zake
- 21 hadi 24: vali za ndani ya kitengo cha ABS
- 41 au C1241: umeme wa betri mdogo au umezidi
- 49 au C1249: njia ya switchi ya taa za breki
- 51 au C1251: mota ya pampu

Za 11 hadi 14 anza na fyuzi na soketi ya pampu. Za 21 hadi 24 na 51 si za kufanyia nyumbani, maana humo ndani kuna njia za mafuta ya breki na upepo ukiingia hautoki kirahisi. Zilizobaki nyingi ni za gurudumuni, na ndiko tunakokwenda.

## Hatua ya 5: Shuka kwenye gurudumu

Zima switchi, toa waya. Zuia magurudumu yaliyobaki chini kwa mawe, inua gari, weka stendi, toa tairi.

Anza na waya, usianze na sensa. Ufuate kwa vidole kutoka kwenye habu hadi unapoingia kwenye bodi. Tafuta mahali ulipokunjwa, uliposagwa na tairi au ulipoachwa bila klipu. Barabara zetu za vumbi zinarusha mawe, na panya wa msimu wa mavuno wanapenda ngozi ya waya kuliko mahindi. Fungua soketi: ikiwa na unga wa kijani au tope lililokauka, safisha, kausha, ibonyeze hadi isikike *tak*.

Kisha ncha ya sensa. Sensa nyingi za zamani zina sumaku, na zinakusanya unga wa chuma unaotoka kwenye diski hadi zinaota ndevu. Ukiongeza tope la mbuga la upande wa Bahi wakati wa mvua, ikakauka, unapata zege. Ondoa bolti moja, vuta sensa kwa kuizungusha taratibu kwa mkono, safisha kwa kitambaa.

> Onyo: Ikigoma, usiishike kwa koleo. Kichwa cha plastiki kitabaki mkononi na mwili utabaki kwenye habu. Magari yaliyoendeshwa kwenye chumvi ya barabara za theluji kule Japan yanakuja na kutu hapo. Pulizia dawa ya kulegeza kutu, nenda kanywe chai, urudi. Ikigoma tena, isafishe ikiwa mahali pake.

Halafu ringi, lile duara lenye meno ambalo sensa inalisoma. Kwenye Toyota nyingi ndogo, la gurudumu la mbele liko kwenye sivi jointi, kile kiungo cha ekseli kinachozungusha gurudumu. Hapa ningependa usimame kidogo.

Alikuja mama mmoja na IST, anafanya safari za Kondoa. "Mbukwa, fundi. Hii taa imenimalizia hela." Kodi ilikuwa 32. Alikuwa na sensa mbili mpya kwenye mfuko wa plastiki, moja bado iko kwenye boksi. Nikamuuliza taa ilianza lini. Akafikiri. "Tangu nibadilishe ile iliyokuwa inalia ko-ko-ko nikikata kona." Nikatoa tairi, nikamulika tochi nyuma ya habu upande wa kushoto. Sivi jointi ilikuwa mpya, inang'aa, na pale ringi inapotakiwa kuwa palikuwa laini kama kikombe. Hakuna jino hata moja. Nikamwita achungulie. Akatazama, akazitazama zile sensa mkononi, akasema, "Kwa hiyo hizi zilikuwa zinaangalia ukuta?"

Zilikuwa zinaangalia ukuta. Sivi jointi za aina moja huuzwa zenye ringi na zisizo na ringi, na isiyo na ringi inafunga bila shida. Ukienda dukani nenda na ya zamani, hesabu meno yake, ya mpya yalingane. Meno yakizidi au kupungua, kodi inaweza kurudi.

Ringi ikiwepo, izungushe polepole duara zima ukimulika. Ufa mmoja mwembamba unatosha, na meno yaliyojaa tope yasafishwe kwa brashi. Kwenye magari mengine hakuna meno ya kuonekana: ringi ya sumaku imo ndani ya muhuri wa beringi. Beringi ya hivyo ikifungwa kinyume, upande wenye sumaku ukatazama nje, sensa haioni kitu.

Mwisho shika gurudumu juu na chini ulitikise. Likicheza, beringi imechoka na nafasi kati ya sensa na ringi inabadilika kila ukipita shimo. Badilisha beringi kabla ya kununua chochote kingine.

## Hatua ya 6: Pima sensa

Chomoa soketi ya sensa. Ikiwa ni ya zamani ya koili, weka mita kwenye omu. Nzima husoma takriban kati ya 800 na 2,500. Kipimo kamili kinategemea gari, kwa hiyo linganisha na ya upande wa pili wa ekseli hiyohiyo. Hiyo ndiyo rejea yako bora. Mita ikionyesha njia imekatika, au karibu na sifuri, sensa imekufa.

Kisha weka mita kwenye volti za AC, zungusha gurudumu kwa mkono. Namba ndogo inayopanda ukizungusha kwa kasi inatosha.

Sensa za kisasa zinazolishwa umeme na gari hazipimwi kwa omu. Kwa hizo pima kama umeme unafika kwenye soketi upande wa gari switchi ikiwa ON. Unafika, ringi ni nzima, na skana inasema 0? Hapo sasa nunua sensa.

Waya uliokatika ukiuunga, tumia risasi ya kulehemu na mpira wa kusinyaa. Kusokota na kuzungushia utepe kunafika hadi mvua ya kwanza.

## Hatua ya 7: Futa kodi

Futa baada ya kutengeneza tu. Kodi ndiyo shahidi wako. Ukiifuta mapema unaanza upya bila kujua lolote. Na usitegemee kuchomoa betri: kwenye magari haya mengi kumbukumbu ya ABS haipotei kwa kukosa umeme, utapoteza stesheni za redio tu.

1. Rudisha waya kati ya 4 na 13, switchi ikiwa imezimwa.
2. Washa hadi ON. Injini isiwake, gari lisitembee.
3. Kanyaga pedali ya breki mara 8 au zaidi ndani ya sekunde 5. Achia kabisa kila mara, taa za nyuma ziwake na kuzima. Toyota za zamani zinataka sekunde 3, kwa hiyo piga haraka kama unapampu baiskeli.
4. Tazama taa. Ikianza kumweka haraka bila vituo, kodi zimefutika.
5. Zima switchi, toa waya.

Isipofutika, aghalabu ulikanyaga taratibu au hukuachia hadi mwisho. Jaribu tena. Ikikataa mara tatu, kosa bado lipo na kompyuta inaliona saa hiyohiyo. Mwenye skana anachagua kufuta kwenye menyu ya ABS.

Mafanikio: ukiwasha switchi, taa ya ABS inawaka sekunde tatu hivi halafu inazima. Isiyowaka kabisa si mafanikio. Hiyo ni balbu iliyotolewa na mtu kabla yako, na kwenye magari yaliyopita mikono mingi nimeikuta si mara moja.

## Hatua ya 8: Jaribu barabarani

Kompyuta haiwezi kuhakiki sensa zote gari likiwa limesimama, kwa hiyo taa iliyozima gerejini haijathibitisha kitu. Baadhi ya magari huizima taa baada ya kupita kilomita 20 kwa saa, kwa hiyo usikate tamaa ikibaki mita chache za mwanzo.

Kaza nati za tairi. Pampu breki mara kadhaa kabla ya kuondoka, pedali iwe ngumu. Endesha dakika kumi, kona za kulia na kushoto, kipande cha lami na kipande cha makorongo.

Kisha tafuta eneo tupu la vumbi, lililonyooka, lisilo na watu wala mbuzi. Nenda kilomita 30 hadi 40 kwa saa, kanyaga breki kwa nguvu bila kuachia. Pedali itatetemeka chini ya mguu, utasikia mgurumo wa *grrr*, na usukani utakubali kukata gari likiwa linasimama. Shuka uangalie alama za tairi: ziwe za kukatika-katika, si mstari mmoja mrefu uliochimbwa.

Taa ikirudi, soma tena kabla ya kugusa chochote. Kodi ileile ina maana ulikosea kwenye njia hiyo, rudi hatua ya 5. Kodi mpya ya gurudumu la jirani mara nyingi ni soketi uliyoisahau ukifunga. Na ikiwaka ukikata kona tu, kulia kwa mfano, inua gurudumu la kushoto ulitikise tena, kwa nguvu zaidi ya mara ya kwanza.